Nyanya Aliugua Nini?

Ukienda kliniki na malalamiko ya titi, kabla hujaguswa utaulizwa maswali. Una miaka mingapi? Ulianza hedhi ukiwa na umri gani? Una watoto? Umewahi kunyonyesha? Halafu linakuja swali ambalo wengi wetu hulijibu haraka kuliko mengine yote: kuna mtu katika familia yenu aliyewahi kuugua saratani ya matiti au ya ovari? Unasema hapana. Muuguzi anaandika hapana. Mnaendelea.

Kwa wengi wetu hilo si jibu la kweli. Jibu la kweli ni sijui. Hatujui mama yake mama aliugua nini. Tunajua alizikwa wapi, tunajua alipenda chai ya rangi na hakupenda kelele, tunajua shamba lake la migomba lilianzia wapi na kuishia wapi. Ukiuliza kilichomuua, unaambiwa aliugua kwa muda. Au ilikuwa kifua. Hilo neno kifua limebeba mengi huku kwetu: kikohozi, TB, moyo, na pia titi ambalo hakuna aliyetaka kulitaja. Matangazo ya vifo ya redio yalitufundisha lugha hiyo zamani: fulani ameaga dunia baada ya kuugua kwa muda mrefu. Urefu wa ugonjwa ulitajwa, jina lake likaachwa.

Na si kwamba sisi ni watu wa kusahau. Katika jamii nyingi za Kenya mtoto hupewa jina la babu au nyanya. Kwa Wakikuyu utaratibu wenyewe unajulikana: binti wa kwanza huitwa jina la mama yake baba, wa pili jina la mama yake mama. Kwa hiyo kuna wasichana mjini wanaotembea na jina la marehemu kwenye kitambulisho, na kila wakienda ocha wanaambiwa, "Wewe ni shosho mtupu, hata unavyocheka." Wanaonyeshwa kila walichorithi: paji la uso, hasira za karibu, mkono wa kupika. Kitu kimoja tu hawaambiwi, na pengine ndicho ambacho kingewafaa zaidi.

Kwa hiyo nataka tuulize swali ambalo kwa kawaida tunalizunguka. Mwanamke akigunduliwa ana saratani ya matiti, ana haki ya kutowaambia watoto wake?

Jibu la haraka, hasa kwa sisi tuliokulia kwenye intaneti, ni kumlaumu. Tunazoea kusema kwamba kuongea ni uponyaji na kunyamaza ni ujinga. Hata methali iko upande wetu: mficha maradhi kilio humfichua. Lakini kabla ya kumrushia mtu methali, inafaa tuangalie anachokilinda.

Mama anayenyamaza mara nyingi anajua anachofanya. Ameona jirani aliyesema. Aliposema, aligeuka kuwa "yule mwenye saratani", na jina lake mwenyewe likaja baadaye. Watu walianza kumtazama kifuani kabla ya kumtazama usoni. Wakwe walikaa kikao. Kazini waliacha kumpa majukumu, wakidai wanamhurumia. Picha yake, amevaa kilemba na amekonda, ilizungushwa kwenye grupu za WhatsApp ikiwa na nambari ya paybill chini, na watu aliosoma nao darasa la nne wakapiga simu kuuliza kama bado yupo. Mwanamke huyo alipoteza nywele, akapoteza titi, na mwisho akapoteza hata uwezo wa kuamua ni nani ajue. Anayemtazama akaamua kwamba yeye hatasema, hajachagua ujinga. Amechagua kubaki na kitu kimoja ambacho bado ni chake.

Sheria pia inamuunga mkono. Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya faragha, ikiwemo haki kwamba habari za familia yake au mambo yake ya kibinafsi zisidaiwe wala kufichuliwa bila sababu ya lazima. Daktari hawezi kumpigia simu binti yake na kumwambia. Na hivyo ndivyo inavyofaa kuwa. Kama wagonjwa wangeogopa kwamba hospitali itatoa siri zao, wengi wangeacha kwenda kabisa, na tayari huku kwetu wengi hufika ugonjwa ukiwa hatua ya tatu au ya nne.

Kwa hiyo naanza kwa kukubali: mwili ni wake, maumivu ni yake, na hakuna anayeweza kumlazimisha. Hapo tunakubaliana, si ndiyo? Sasa tuangalie kinachofanya saratani ya matiti isiwe siri ya kawaida.

Mama akivunjika mguu na kukuficha, amekunyima nafasi ya kumhurumia. Akiwa na deni na kukuficha, amekunyima nafasi ya kumsaidia. Saratani ya matiti inakwenda mbali zaidi ya hapo, kwa sababu ndani ya habari yake kuna habari yako. Mwanamke ambaye mama yake, dada yake au binti yake amewahi kuugua ana hatari inayokaribia mara mbili ya ile ya mwanamke asiye na historia hiyo. Na si kuugua tu kunakohesabika. Umri nao unahesabika. Madaktari wengi hufuata kanuni hii: kama jamaa wa karibu aligunduliwa akiwa bado kijana, wewe anza kuchunguzwa miaka 10 kabla ya umri aliokuwa nao yeye. Mama aligunduliwa akiwa na miaka 42? Basi wewe anza kwenye 32, usingoje 40 kama wengine. Hesabu ni rahisi, mtoto wa darasa la pili anaiweza. Lakini huwezi kutoa 10 kutoka kwa nambari ambayo hukupewa.

Halafu kuna familia chache ambazo jambo hili limeingia ndani zaidi. Mwaka 1990 mwanasayansi Mmarekani, Mary-Claire King, alionyesha kwamba katika baadhi ya familia saratani ya matiti hufuata jeni iliyoko kwenye kromosomu ya 17. Wakati huo wenzake wengi hawakuamini kwamba ugonjwa mgumu kama saratani unaweza kufuatwa hivyo hadi mahali pamoja. Jeni hiyo, BRCA1, ilipatikana mwaka 1994, na mwenzake BRCA2 mwaka uliofuata. Kazi ya jeni hizi ikiwa nzima ni kukarabati makosa yanayotokea ndani ya seli. Ikiharibika, makosa yanarundikana. Mwanamke aliyerithi mojawapo ikiwa imeharibika ana nafasi ya takriban 7 kati ya 10 ya kupata saratani ya matiti kabla ya kufikisha miaka 80, na hatari yake ya saratani ya ovari pia hupanda. Kwa wanawake wa Marekani kwa jumla, hatari ya maisha yote ya saratani ya matiti ni karibu 1 kati ya 8.

Kila mtoto wa mzazi mwenye jeni hiyo ana nafasi ya nusu kwa nusu ya kuirithi, kama kurusha shilingi. Na mzazi huyo anaweza kuwa baba. Hapa ndipo watu hushangaa. Tumezoea kufikiri kwamba mambo ya titi hupitia upande wa mama, kwa hiyo saratani ya shangazi, dada yake baba, tunaiona kama habari ya nyumba nyingine. Jeni haijui mambo ya upande wa mume na upande wa mke. Baba anaweza kuibeba maisha yake yote bila kuugua na kumpa binti yake. Wanaume wenyewe huugua saratani ya matiti pia, ingawa ni wachache, chini ya mmoja katika kila wagonjwa 100.

Sasa unaona ugumu ulipo. Mama anaposema "ugonjwa huu ni wangu", anasema kweli. Lakini sehemu ya habari anayoifunga kabatini ina jina lako juu yake.

Najua jibu ambalo akina mama wengi hutoa binti anapokuja kuuliza baadaye.

"Mum, mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia, ungefanya nini?"

Tunalichukulia jibu hilo kama njia ya kukwepa. Mimi naona ndilo swali zito kuliko yote katika jambo hili, na linastahili kujibiwa kwa heshima. Siri si nzuri wala mbaya yenyewe. Inategemea anayefichwa angeweza kufanya nini kama angejua. Kumficha mtu habari ambayo ingemtisha tu bila kumsaidia kunaweza kuwa huruma. Kumficha habari ambayo angeweza kuitumia ni jambo jingine.

Mfikirie nyanya mwenyewe, miaka ya 1960. Kama angefika hospitali kubwa, upasuaji uliotawala duniani wakati huo ulikuwa wa kuondoa titi lote pamoja na misuli ya kifua na tezi za kwapani. Ni majaribio ya miaka ya 1970 na 1980 yaliyoonyesha kwamba kwa wagonjwa wengi walio katika hatua za mapema, kuondoa uvimbe peke yake na kufuatisha mionzi kunaokoa maisha sawasawa na kuondoa titi zima. Kuhusu binti yake, hakukuwa na cha kumwambia. Jeni haikujulikana. Mamogramu ya kuchunguza watu wazima wa afya ilikuwa haijaenea hata Ulaya. Kumwambia msichana wa miaka 18, "Mimi ninakufa kwa hili, na huenda nawe litakupata," kungekuwa kumkabidhi hofu tupu aishi nayo. Nyanya alinyamaza, na kwa wakati wake nadhani alifanya vyema.

Kilichobadilika ni jibu la lile swali. Ungefanya nini? Leo kuna orodha. Ungejifunza matiti yako yalivyo kawaida, ili ujue yakibadilika: uvimbe titini au kwapani, ngozi iliyokunjamana kama ganda la chungwa, chuchu iliyozama ghafla au inayotoa damu. Ungemwona muuguzi akupapase mara kwa mara. Ungefanyiwa altrasaundi, ambayo kwa wanawake vijana mara nyingi huona vizuri zaidi kuliko mamogramu kwa sababu matiti yao ni mazito. Ukipatikana na uvimbe, ungechukuliwa kipande kidogo kwa sindano kipelekwe maabara, na huko ingejulikana si tu kama ni saratani bali ni saratani ya namna gani. Kama inalishwa na homoni, kuna kidonge cha tamoxifen, kimoja kila siku kwa miaka 5 hadi 10. Kama ina protini ya HER2 kwa wingi, kuna trastuzumab, dawa iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1998. Kama haina hata kimoja kati ya hivyo, aina ambayo huwapata zaidi wanawake vijana na wenye asili ya Afrika, basi kemo huwa silaha kuu, na kila mwezi una thamani. Na kama ungekuwa na jeni yenyewe, ungekuwa na uamuzi mgumu lakini ulio wako: kuchunguzwa kwa karibu tangu miaka ya ishirini na kitu, au upasuaji wa kuzuia.

Kwa hiyo ukimya uleule, uliokuwa huruma mwaka 1965, leo unaweza kuwa na gharama ambayo mama hakuikusudia. Yeye hajabadilika. Dunia inayomzunguka ndiyo iliyobadilika, na kubeba deni ambalo ulikuwa hulidaiwi jana si kosa la mtu. Bado ni deni.

Lakini tusidanganyane. "Ungefanya nini?" ina maana nyingine pia, na hiyo inahusu pesa. Kujua kwamba uko hatarini halafu ukose nauli ya kwenda kuchunguzwa ni mateso ya aina yake. Kwa miaka mingi Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta ndiyo hospitali pekee ya umma iliyokuwa na mashine ya mionzi, na mtu wa Mandera au Turkana alilazimika kuifuata Nairobi. Hali imesogea. Mwaka 2015 serikali ilianza mpango wa kukodi vifaa vya hospitali za kaunti, mashine za mamogramu zikiwemo, na vituo vingine vya mionzi vimefunguliwa nje ya Kenyatta. Hata hivyo mashine kuwa ndani ya jengo na mashine kufanya kazi siku uliyoenda ni mambo mawili, na kipimo cha jeni bado ni cha wenye uwezo. Kwa hiyo mama anapouliza ungefanya nini, sehemu ya swali lake inapaswa kuelekezwa kwa kaunti na bunge, wala asiachiwe peke yake kulibeba.

Hata hivyo, maskini naye ana jambo la kufanya akijua. Msichana wa miaka 27 akigusa uvimbe, ataambiwa na kila mtu kwamba ni homoni, ni maziwa, ni sidiria inabana, ni umri bado. Mara nyingi watakuwa sahihi, maana uvimbe mwingi wa wasichana si saratani. Lakini yule anayejua kwamba mama yake mdogo aliugua akiwa na miaka 34 hatakubali kurudishwa nyumbani na vidonge vya maumivu. Atasema, "Daktari, kwetu kuna historia." Sentensi hiyo haina bei, na inaweza kubadilisha mkondo wa siku nzima hospitalini.

Swali hili limewahi kufika mahakamani, ingawa si kwa saratani. Nchini Uingereza kulikuwa na kesi ya mwanamke aliyejulikana kwa herufi ABC. Baba yake aligunduliwa ana ugonjwa wa Huntington, ambao huharibu ubongo polepole, hauna tiba, na kila mtoto ana nafasi ya nusu ya kuurithi. Madaktari walijua binti ana mimba. Baba alikataa aambiwe, wakamtii. Binti alikuja kujua baada ya kujifungua, akapimwa, akakuta anao. Mwaka 2020 Mahakama Kuu iliamua kwamba madaktari walikuwa na wajibu wa kupima maslahi ya binti dhidi ya faragha ya baba. Kesi yenyewe aliishindwa, kwa sababu mahakama iliona uamuzi wa kunyamaza katika hali ile haukuwa nje ya busara. Lakini wazo limebaki: aliye nje ya chumba cha daktari anaweza kuwa na haki ndani ya faili la mwenzake.

Mimi nisingependa tufike huko, kwa mawakili. Familia ikifika mahakamani kugombania faili, jambo lenyewe limeshaharibika. Nadhani kuna njia nyepesi zaidi, nayo ni kutenganisha vitu viwili ambavyo huwa tunavifunga pamoja: habari na hadithi.

Hadithi ni usiku wa kemo ya tatu, alipotapika mpaka akaomba afe. Ni siku aliyojitazama kwenye kioo baada ya upasuaji. Ni alivyoogopa, alivyomkasirikia Mungu, alichoambiwa na mumewe au alichonyimwa. Hayo yote ni yake. Akitaka kuyasimulia, tutakaa chini tusikilize. Akitaka kuyapeleka kaburini, ayapeleke. Hana deni nasi kwa machozi yake.

Habari ni fupi. Niliugua saratani ya titi. Nilikuwa na miaka 42. Ilikuwa titi moja, au yote mawili. Dada yangu aliugua ya ovari. Sentensi nne, unaweza kuzisema ukimenya viazi. Hizo ndizo naamini hana haki ya kuzizuia kwa watoto wake wakishakuwa watu wazima, kwa sababu ni zao pia. Na kusema si kutangaza. Kumwambia binti yako jikoni na kuweka kwenye grupu la ukoo ni vitu viwili tofauti kabisa.

Kuna atakayesema: lakini ukisema, unawaharibia mabinti ndoa. Wakwe wa huku kwetu huchunguza. "Nyumba ile ina kitu," wanasema, na posa inapoa. Siwezi kudai kwamba hofu hii ni ya kubuni. Lakini angalia inachofanya: inamlinda binti asikataliwe na watu ambao wangemkataa kwa sababu ya jeni, kwa kumnyima habari inayoweza kuokoa maisha yake. Tena hesabu yenyewe haiwaungi mkono wakwe. Kati ya saratani 100 za matiti, ni takriban 5 hadi 10 tu zinazotokana na jeni ya kurithi. Wanawake wengi wanaougua hawana mtu yeyote wa karibu aliyewahi kuugua. Familia isiyo na historia haina cheti cha kinga, ina bahati tu kufikia sasa. Na aliyerithi jeni hajarithi saratani, amerithi hatari, ambayo inaweza kuangaliwa.

Atakayefuata atasema: je, kama binti mwenyewe hataki kujua? Hapo nampa haki yake. Mtu anaweza kuchagua kutopimwa jeni, na wapo wanaochagua hivyo kwa sababu nzuri, maana kuna maarifa ambayo ukishayapokea huwezi kuyarudisha. Lakini ili akatae kujua, lazima kwanza afahamu kwamba kuna la kujua. Unamwuliza, "Kuna jambo la afya katika ukoo wetu, ungependa nikuambie?" Akisema sitaki, umelipa deni lako. Kumnyamazia ni kumchagulia.

Sasa nigeuze kiti, kwa sababu mpaka hapa nimemwekea mama mzigo na sisi wasikilizaji tumekaa raha. Kama tunadai habari, tunapaswa kuwa watu wanaoweza kukabidhiwa habari.

Julai 2019 Kenya ilipoteza watu watatu mashuhuri kwa saratani ndani ya mwezi mmoja: Bob Collymore wa Safaricom, mbunge wa Kibra Ken Okoth, na gavana wa Bomet Joyce Laboso. Okoth alikuwa ametangaza mwenyewe kwamba ana saratani ya utumbo. Nchi nzima ikazungumza. Kwenye matatu, ofisini, Twitter, kila mtu akawa na maoni kuhusu saratani. Halafu wengi wetu tukarudi nyumbani tukiwa tunajua ugonjwa wa mbunge wa Kibra kuliko tunavyojua ugonjwa wa shangazi zetu. Lile halikuwa tatizo la ukosefu wa mazungumzo. Tulikuwa tumezoea kuongea juu ya saratani ya watu walio mbali, mahali ambapo maneno yetu hayawezi kumuumiza tunayeishi naye.

Aliye karibu tunamfanyaje? Tunamwita shujaa Oktoba, tukiwa na riboni za waridi, na Novemba tunashangaa kwa nini bado amechoka. Hatujui kwamba kumaliza kemo si kumaliza ugonjwa. Kuna kidonge cha kila siku kinachomletea joto la ghafla usiku na maumivu ya viungo. Kuna mkono uliovimba upande ule walikoondoa tezi. Kuna kipimo cha kila mwaka, na wiki mbili kabla yake ambazo halali. Manusura anaishi na miaka iliyohesabiwa, ya kwanza, ya pili, ya tano, na sisi tunamwambia, "Lakini si ulipona?" Mtu wa namna hiyo akiamua kutotuambia kitu, ni vigumu kumlaumu. Ukimya wa wazazi wetu tumeulipia sehemu ya gharama kwa midomo yetu wenyewe.

Kwa hiyo deni liko pande mbili. Yeye anadaiwa sentensi nne. Sisi tunadaiwa kuzipokea bila kupiga kelele, bila kukimbilia simu, bila kumwuliza alikula nini au alimkosea nani. Tunadaiwa kumwambia waziwazi kwamba hakutupa ugonjwa, maana akina mama wengi hunyamaza kwa hatia hiyo: wanadhani kumwambia binti kuhusu jeni ni kukiri kwamba walimdhuru. Jeni haina mkosaji. Yeye naye alipewa na mtu ambaye alipewa.

Na kuhusu waliokufa? Kuna baba wengi, kaka na anti wanaoshikilia siri ya marehemu kwa sababu walimwahidi, au kwa sababu wanaona kuitaja ni kumvunjia heshima. Wahenga walisema aibu ya maiti aijuaye mwosha. Aliyeuosha mwili aliona kovu, na akafunga mdomo, kama alivyofunzwa. Ninaheshimu hilo. Lakini nadhani mwosha anaruhusiwa kusema jambo moja kwa binti wa marehemu, faraghani, kwa sababu kovu lile halikuwa aibu. Lilikuwa ushahidi kwamba mwanamke yule alijaribu kuishi, na binti yake bado ana nafasi ya kujaribu mapema zaidi.

Ukienda nyumbani likizo ijayo, usianze na mama. Kuanza naye ni kumkabili. Anza na yule anti anayependa hadithi za zamani, mwenye kumbukumbu ya nani aliolewa mwaka gani. Mwulize kuhusu nyanya: alikuwa mtu wa namna gani, alicheka vipi, alilima nini. Halafu mwulize aliugua nini, na alikuwa na miaka mingapi. Akinyamaza kidogo, mpe muda. Huenda amekuwa akingoja mtu aulize.